Nilimpigania bibi mmoja wa Kilwa haki ambayo hakuniomba

Wakuu, poleni na majukumu.

Humu ndani mimi ni wa kusoma zaidi kuliko kuandika. Nyuzi za watu nimezisoma nikicheka peke yangu chumbani mpaka mama akaniuliza kama nina akili timamu. Leo ni zamu yangu, na hii yangu haichekeshi sana.

Nitakayosema yametokea. Majina nimebadilisha. Kijiji nakificha, ila mwenyeji wa Kilwa atakisia: unashuka Tingi kwenye lami, unachukua bodaboda, unaingia ndani kuelekea vilimani mpaka vumbi likuingie masikioni.

Palipo na kosa langu nitasema ni langu. Matusi yatakuja, najua, ila naomba msome mpaka chini kwanza.

Mimi ni mwanachuo, mwaka wa mwisho, nasoma maendeleo ya jamii katika chuo kimoja huku kusini. Nakaa Mtanda, Lindi mjini, chumba cha uani kwa mama. Mama ana genge la nyanya na dagaa.

Chuoni mwaka wa kwanza sikuwa na mtu. Sisemi kwamba nilionewa, hapana. Ni vile tu nilikuwa naingia darasani, natoka, narudi nyumbani. Kuna siku nilirudi jioni nikagundua tangu asubuhi sijatamka neno zaidi ya "samahani, hapa pana mtu?"

Mwaka wa pili nikajiunga na kikundi.

Tulikuwa sita. Jina la kikundi naliacha. Kazi yetu ilikuwa kujitolea: tulifundisha watoto hesabu Jumamosi, tulifyeka kiwanja cha zahanati, tulizungumza na wasichana kuhusu masomo. Hatukulipwa. Nauli tulichanga, na siku nyingine tulikula mihogo ya kuchoma mchana kutwa.

Mwenyekiti wetu alikuwa dada mmoja, nimwite Nasra. Huyu dada anaongea jamani. Akisimama mbele ya watu kusema kuhusu haki, hata wewe uliyekuja kuomba maji ya kunywa unajikuta umejiandikisha.

Nilikipenda kile kikundi kuliko nilivyowahi kusema mbele yao. Kwa mara ya kwanza nilikuwa na watu wa kunipigia simu kuniuliza uko wapi, tunaondoka.

Basi Nasra akaleta wazo. Kilwa kwenye vijiji kadhaa halmashauri za vijiji zilikuwa zinapima mashamba ya watu ili wapate hati za kimila. Wajane wengi hawakujua kusoma wala kujaza fomu. Sisi tuwasaidie. Tutembee na mjane kwenye mipaka ya shamba lake, tumjazie fomu, tuhakikishe hakuna mwanamume wa ukoo anayemzunguka.

Wenzangu walikubali kwa moyo. Mimi nilikubali kwa hasira.

Sababu yangu ilikuwa ya nyumbani. Baba alikuwa mtu wa mkoa mwingine na tuliishi kwao. Alipofariki, ndugu zake walikaa matangani na sisi, wakala na sisi, na tanga lilipoanuliwa wakamwambia mama afungashe. Nilikuwa darasa la tatu. Tuliondoka na godoro moja na redio isiyo na betri.

Kwa hiyo nilipoambiwa tunaenda kutetea wajane, mimi sikuwa naenda field. Nilikuwa naenda kulipiza kisasi. Hili sikulijua wakati ule.

Tukafika kijijini, kila mmoja akapangiwa mjane wake. Mimi nikapewa Bibi Somoe.

Bibi Somoe ni mfupi, ana sauti kubwa, na anaishi shambani kwake mwenyewe, mbali kidogo na nyumba nyingine. Mume alikufa zamani. Mtoto wake mmoja yuko Dar, anapiga simu Idd mpaka Idd. Chini ya mikorosho analima mihogo, mbaazi na ufuta kidogo.

Nilimkuta anapepeta.

"Shikamoo Bibi."

"Marahaba mjukuu wangu. Mmekuja kunihesabu tena?"

Nikamwambia hapana, hii siyo sensa, tumekuja kumsaidia shamba lake liandikwe. Akasema ahaa, basi kaa hapo kwenye kinu. Nikakaa kwenye kinu.

Hatujamaliza hata salamu, sauti ya kiume ikasikika kutoka njiani.

"Hodi shambani kwangu!"

Bibi hata hakugeuka. Akapaza sauti: "Huna shamba wewe! Una miti tu. Pita."

Akaingia mzee mmoja mrefu, mkavu, kashika kikapu na reki ya miti. Nimwite Mzee Mbwana. Akanisalimia, akaenda moja kwa moja chini ya mikorosho akaanza kukwangua majani, na korosho zilizoanguka akawa anaokota anatia kikapuni. Baada ya muda Bibi akampelekea bakuli la uji. Akanywa amesimama, akalalamika kwamba hauna chumvi. Bibi akamwambia akapike kwake.

Wakuu, mimi niliona nini pale?

Niliona mwanamume anayeingia shamba la mjane mchana kweupe, anajiita mwenye shamba, anaokota korosho, halafu analishwa uji. Nikatoa daftari. Nikaandika: "Mzee M. anadai shamba mbele ya mjane. Mjane anapinga." Daftari hilo ninalo mpaka leo.

Mzee alipoondoka nikamuuliza Bibi taratibu, kama tulivyofundishwa.

"Bibi, yule mzee anakusumbua?"

Akacheka. "Mbwana? Huyo ananisumbua tangu hujazaliwa wewe."

Hilo nalo nikaandika. Kwenye semina ya kutuandaa walituambia mtu aliyeonewa muda mrefu huwa anacheka, tusidanganyike na kicheko. Basi mimi kicheko cha Bibi Somoe nilikifanya ushahidi.

Hapa niwaeleze wasio wa huku jambo ambalo mimi nilikuja kulijua nikiwa nimeshaharibu, ili msipotee.

Kule ndani, shamba na mti ni vitu viwili. Ardhi inaweza kuwa yako na mkorosho uliosimama juu yake ukawa wa mwenzako, kwa sababu yeye ndiye aliyeupanda na wewe au mumeo mlimruhusu. Hakuna aliyeandika. Kila mtu anajua. Wewe unalima chini, yeye anaokota juu, na ni juu yake kusafisha chini ya miti yake.

Marehemu mume wa Bibi na Mzee Mbwana walifyeka lile pori pamoja wakiwa vijana. Ardhi ikawa ya mume. Mikorosho akapanda Mbwana. Mume akafa, Mbwana akaendelea kuja. Mke wa Mbwana naye akafa, akaendelea kuja. Kila asubuhi ya Mungu. Ule utani wa hodi walikuwa wanaufanya miaka yote hiyo, na majibu yake ndiyo yenyewe kabisa niliyosikia kwa masikio yangu: huna shamba, una miti.

Bibi mwenyewe kanieleza siku ya kwanza. Mimi nilikuwa na digrii inanisubiri, nikashindwa kusikia.

Tuendelee.

Fomu ina sehemu ya kuandika vilivyomo shambani. Nikaandika mihogo, mbaazi, ufuta, na mikorosho yote, kwa jina la Bibi Somoe. Nikamsomea juu juu: "Bibi, hii karatasi inasema shamba ni lako." Akasema si ni langu kweli. Akaweka dole gumba.

Siku ya uhakiki kamati ya kijiji ilikuja kupita mipaka. Mzee Mbwana hakuwepo. Alikuwa amekwenda kwa binti yake Kilwa Masoko kutibiwa macho.

Nilijua kwamba hayupo. Tena niliambiwa mapema kwamba atarudi baada ya wiki mbili tatu, na mwenyekiti wa kamati aliniuliza kama tusubiri. Nikasema tusisubiri. Moyoni nikasema afadhali, mwizi hayupo, mjane atasema kwa uhuru.

Mjumbe mmoja wa kamati, baba wa makamo, alikuna kichwa akaniuliza, "Na miti, mwalimu? Miti inakuwaje?"

Mimi siyo mwalimu. Nilikuwa nimevaa tisheti ya kikundi na nina kalamu mbili mfukoni, basi nikawa mwalimu.

Nikamjibu, "Mzee wangu, miti inakwenda na ardhi. Ndivyo fomu inavyotaka."

Nililisema kwa uhakika mkubwa, wakuu. Yule baba akatazama chini, akasema haya, ninyi ndio mliosoma.

Na Bibi? Bibi alikuwa jikoni anatupikia. Hakuna aliyemwita.

Baada ya hapo tukafanya kitu ambacho mpaka leo nikikikumbuka nafumba macho. Kikundi kilitengeneza vibao vya mbao, kimoja kwa kila mjane. Fadhili, mwenzetu mwenye mwandiko mzuri, akaandika kwa rangi nyekundu: SHAMBA LA BI SOMOE. HURUHUSIWI KUINGIA WALA KUCHUKUA CHOCHOTE BILA IDHINI.

Mimi ndiye niliyekipigilia. Nilichagua mkorosho mkubwa kuliko yote, ule wa njiani, nikakigongomelea misumari minne.

Bibi akauliza, "Kimeandikwa nini?"

Nikamwambia, "Jina lako, Bibi."

Akafurahi. Akakisogelea, akakigusa, akasema mume wangu angekuwepo angecheka. Tukampiga picha amesimama karibu na kibao, na Nasra akaiweka mtandaoni. Watu walipenda, waliweka mioyo, mwalimu wetu mmoja akaisambaza. Wiki hiyo watu nisiowajua walinisalimia chuoni kwa jina. Nilirudi Mtanda nimevimba kichwa, nikamsimulia mama yote. Mama alikuwa anapanga nyanya. Alisema "vizuri", akaendelea kupanga.

Kisha ikaja mitihani. Mwezi na kitu ukapita.

Nasra akataka tuandike ripoti, maana kulikuwa na shindano la vikundi vya wanavyuo wanaojitolea na sisi tulikuwa na nafasi nzuri. Akanituma nikapate maneno ya Bibi Somoe, jinsi maisha yake yalivyobadilika.

Nikaenda peke yangu.

Nilichokiona kwanza ni majani. Chini ya mikorosho palikuwa hapajasafishwa. Korosho zimeanguka, zimelala, nyingine zimeanza kuota. Mabibo yameoza na nzi wamejaa. Nikajua Bibi anaumwa.

Hakuwa anaumwa. Alikuwa amekaa mlangoni na mabakuli mawili, moja tupu, moja limefunikwa.

"Shikamoo Bibi."

"Marahaba." Bila mjukuu wangu.

Nikamuuliza mbona korosho zinaoza, haziokoti? Akanitazama kama nimetukana.

"Niokote za mwenyewe?"

Akasema, "Mbwana karudi kutoka Masoko, nimeambiwa. Wiki nzima sikumwona. Nikatuma mtu, umwambie Somoe anakusalimu, macho yanaendeleaje. Kajibu macho yanaona, asante, ila huko nimekatazwa." Akaninyooshea kidole. "Wewe umesoma. Nani kamkataza?"

Nikamwambia ngoja. Nikaenda kwenye kibao. Akanifuata. Nikamsomea, safari hii neno kwa neno, kuanzia jina lake mpaka idhini.

Akaniambia nisome tena. Nikasoma tena.

"Huu mti wa nani?" akaniuliza.

Nikasema sijui. Akasema, "Huu ndio wa kwanza. Alipanda huu, akapumzika hapa, mume wangu akamletea maji. Umeupigilia misumari kumwambia asiingie."

Kisha akasema lile neno ambalo nalala nalo naamka nalo.

"Mimi nilikwambia nimeonewa?"

Nilikiondoa kile kibao kwa mikono, nikakatika kucha, misumari miwili ikabaki mtini na utomvu ukawa unatoka. Bibi alikuwa ameshaingia ndani.

(Naona kuna watu mmeshaanza kuniuliza kama Bibi na Mzee walikuwa wapenzi. Jamani. Sijui. Na nimeacha kabisa kazi ya kuchunguza mambo ya Bibi Somoe.)

Siku ileile nikaenda kwa Mzee Mbwana. Alinikaribisha vizuri mno, na hiyo ndiyo iliyoniumiza. Nilitegemea panga. Akaniletea kiti, yeye akakaa kwenye mkeka, akaagiza maji ya kunywa.

Nikajieleza. Nikaomba radhi. Alisikiliza mpaka mwisho, jicho moja bado lina wekundu.

Akasema, "Nimekusamehe kijana. Kwa Mungu nimekusamehe. Lakini mimi nilifika pale na kikapu changu, nikasomewa na mpita njia, mtoto wa watu anarudi shule, maana macho yangu yalikuwa bado. Akanisomea kwamba nikichukua kitu mimi ni mwizi."

Nikasema haikuandikwa mwizi.

"Asiyeruhusiwa kuchukua, akichukua anaitwaje huko chuoni kwenu?"

Nikatazama mkeka wake.

"Na niliona," Mzee akaendelea, "kama Somoe ndiye aliyetaka, basi ana haki yake, amechoka na mimi. Kama siye, angekuja mwenyewe kunifuata. Hakuja. Katuma mtu."

Nikamwambia Bibi hajui kusoma, hakujua! Akasema sasa anajua. Nikamwambia basi twende wote sasa hivi. Akatikisa kichwa. Mtu mzima haendi alikokatazwa kwa kushikwa mkono na kijana. Nikarudi mbio kwa Bibi nikamwambia amfuate. Naye akasema mwanamke mtu mzima haendi kwa mwanamume mjane kumbembeleza aje, kijiji kitasema nini. Mbwana, akasema, alikuwa anakuja kwa sababu ya miti yake. Miti mmeichukua, atakuja kwa sababu gani?

Hapo ndipo nilipoelewa. Ile miti ndiyo iliyokuwa ruhusa yao. Watu wawili wa umri ule, wajane wote wawili, walikuwa na sababu ya heshima ya kuonana kila asubuhi, na mimi nimeiandika kwa jina la mmoja.

Nikarudi Lindi. Kwenye basi nilikaa dirishani nikalia, na abiria mwenzangu akajifanya hanioni, namshukuru popote alipo.

Kwenye kikao cha kikundi nikasema yote. Nikasema tufute ile hadithi, twende kijijini tukiri, fomu irekebishwe kabla hati haijatoka.

Nasra hakunigombeza. Aliongea kwa upole. Akasema ripoti imeshatumwa. Akasema tukianza kusema tulikosea kwa mmoja, watauliza hao wengine je, na wanaume waliopora mashamba kweli watapata pa kusimamia. "Kuna mjane kule karudishiwa shamba lake kwa sababu yetu," akasema. "Unataka naye apoteze?"

Na ni kweli. Yule mwingine alikuwa ameporwa kweli na karudishiwa kweli. Nasra siyo mtu mbaya, msije mkamtukana hapa.

Lakini nikasema nitaenda hata peke yangu. Fadhili akaniambia, "Basi nenda peke yako, ila usiseme kikundi."

Jioni ile nikafungua simu nikakuta nimetolewa kwenye group. Sikuandikiwa hata neno. Ile sauti ya meseji ambayo miaka miwili ilikuwa inanikera usiku kucha, ikazima. Nilishika simu nikaiangalia muda mrefu tu.

Nikamwambia mama. Safari hii aliacha nyanya.

Akasema, "Mimi walinitoa. Yule hakutolewa. Wewe ulienda kwake kunitafuta mimi." Kisha akaniuliza kama nimekula.

Nikaenda Masoko, ofisi ya ardhi. Ofisa akanitafutia faili, akaniambia halijasainiwa, linaweza kurudi kijijini, ila aliyejaza aandike kwa mkono wake kwamba alijaza bila kuuliza, na asimame mbele ya mkutano wa kijiji aseme. Nikaandika. Akaisoma, akaniangalia juu ya miwani, akasema wengi huwa hawarudi.

Mkutano ulifanyika. Nilisimama mbele ya watu bila tisheti, bila Nasra, bila mtu wa kunipigia makofi. Nikasema niliambiwa na mwenye shamba mwenyewe siku ya kwanza na sikusikia. Nikasema kamati iliniuliza kuhusu miti na nikajibu nisichokijua. Nikasema nilijua Mzee Mbwana yuko Masoko na sikutaka arudi kwanza.

Hilo la mwisho lilikuwa gumu kutoka. Hakuna aliyekuwa analijua. Ningeweza kulimeza.

Watu walinung'unika. Mama mmoja akasema, "Tisheti nzuri kumbe." Wakacheka, nami nikaona bora wamecheka.

Fomu ikarekebishwa palepale. Ardhi ya Bi Somoe. Mikorosho ya Mbwana. Majirani wakasaini. Wote wawili walikuwepo, Bibi upande wa akina mama, Mzee nyuma kabisa. Mzee alipoitwa alisema ahsanteni, haki imeonekana, akaweka dole gumba, akarudi kukaa. Bibi alimwangalia mpaka alipokaa. Mzee hakuangalia upande wa Bibi.

Nilirudi Lindi nikiamini nimemaliza. Nilikuwa sina kikundi, sina mtu wa kukaa naye darasani, ila nilisema moyoni angalau wale wawili.

Juzi nimetoka huko tena. Ndiyo maana naandika.

Chini ya mikorosho ni pasafi, pamekwanguliwa vizuri. Nikafurahi, nikaharakisha. Nikamkuta bwana mmoja mgeni, mtu mzima mwenye familia yake, anaokota korosho. Kibarua. Mzee Mbwana amemwajiri awe anasafisha na kuokota, anampelekea nyumbani. Yule bwana ni mchapakazi, anakuja, anamaliza, anaondoka. Hanywi uji. Ana haraka.

Mzee mwenyewe hajakanyaga pale.

Nilimpitia kwake. Akanipa maji tena, akaniuliza masomo. Nikamuuliza kwa nini haendi, na sasa maandishi yanamruhusu.

"Zamani nilikuwa naenda tu," akasema. "Sasa nitakuwa naenda kwa kuruhusiwa na karatasi. Siyo kitu kimoja, kijana. Miguu inakataa."

Bibi Somoe alikuwa amekaa mlangoni. Sauti yake ile kubwa imepungua, sijui ni kwa kukosa mtu wa kumpazia. Ameshapewa hati. Anaiweka kwenye mfuko wa nailoni chini ya godoro. Akaitoa akanipa.

"Nisomee. Wewe ndiye unayejua ilivyo."

Nikasoma yote, polepole, bila kuruka kitu, na majina ya mashahidi nikasoma. Akasikiliza ameinamisha kichwa. Nilipofika mwisho akauliza, "Hapo pameandikwa kwamba atakuja?"

Nikasema, "Hapana, Bibi. Hawaandiki hilo."

Akachukua karatasi yake, akaikunja, akairudisha kwenye mfuko.

"Basi mmeandika nini," akasema.

Hakuuliza. Alisema tu, kisha akanyanyuka kwenda kumwangalia kuku wake.

Wakuu, somo nililolipata mimi ni hili, na halina urembo: kabla hujamtetea mtu, kaa naye asubuhi kadhaa bila daftari. Muulize anachokipenda kabla hujamuuliza anachonyimwa. Kuna vitu vya watu vinasimama kwa sababu hakuna aliyewahi kuviandika, na ukiviandika, hata vizuri, vinaanguka. Siwaambii wanavyuo waache kujitolea. Wajane wanaporwa kweli, mama yangu aliporwa kweli. Nawaambia waulize miti ni ya nani.

Kikundi kilishinda lile shindano. Nimeona picha. Bibi yumo, na kibao.

Nimeandika hapa kwa sababu sina pengine pa kusemea, ukweli ndio huo. Kwa hiyo nawauliza ninyi, hasa wenyeji wa Kilwa na wenye wazee kule vilimani: mtu mzima aliyeacha kwenda mahali kwa heshima yake, anarudishwaje? Mnatuma nani? Kuna mila yoyote, kuna maneno yoyote ya kusemwa, kuna mtu wa ukoo anayetakiwa kutangulia? Aliyewahi kuona wazee wakirudiana namna hiyo aniambie walifanyaje. Wanaotaka kunitukana nao waandike, nitasoma zote.

Ila msichelewe. Wale ni wazee, na kila mmoja anakunywa uji wake kwake.